Kugawana gharama za nyumba ya likizo: mwongozo kwa ndugu na marafiki wanaokwenda Unguja

Desemba ikikaribia, na Pasaka na Idi vilevile, maswali huwa yaleyale. Tumepata nyumba ya vyumba vinne Jambiani, tuko kumi, tugawane vipi? Mtoto mchanga analipa? Anayekuja siku mbili za mwisho alipe nusu? Bibi naye atozwe? Mwongozo huu unayajibu hayo kwa mpangilio, nikichukua mfano wa watu wa Dar es Salaam wanaokodi nyumba nzima kwa siku chache pwani ya mashariki ya Unguja. Mkienda Bagamoyo, Pangani au Lushoto, hesabu ni ileile, mnaondoa boti tu.

Jambo moja lishike tangu sasa: kugawa kila kitu kwa idadi ya vichwa ndiko kunakoleta manung'uniko. Nyumba hulipwa kwa chumba na kwa usiku. Chakula hulipwa kwa mlaji na kwa siku. Safari hulipwa kwa kiti. Weka mifuko mitatu, na hela ya mfuko mmoja isiingie kwenye mwingine.

Kabla ya kuanza, uwe na hivi

- Orodha ya watu wote, umri wa watoto, na tarehe ambayo kila mmoja anafika na anaondoka.
- Bei kamili ya nyumba kwa maandishi kutoka kwa mwenyewe au msimamizi wake.
- Picha za kila chumba: kitanda cha aina gani, choo cha ndani au cha nje, kiyoyozi au feni, chini au ghorofani.
- Mweka hazina mmoja, na mtu wa pili anayeweza kuiona hesabu wakati wowote.
- Namba moja tu ya kupokelea michango, pamoja na jina lililosajiliwa kwenye namba hiyo.
- Daftari, au jedwali la Google Sheets ambalo wote wanaweza kulisoma. Programu ya simu ya kugawana gharama kama Splitwise inafaa kundi la vijana. Shangazi hataipakua, usimlazimishe.
- Kundi la WhatsApp la safari hii peke yake. Usitumie kundi la ukoo, mambo yatazama kwenye salamu na picha za harusi.

Hatua

1. Pata bei ya mwisho kabla hujamtajia mtu kiasi.

Kosa la kwanza la wengi ni kutangaza bei ya usiku mmoja kama walivyoiona mtandaoni, halafu kurudi mara mbili kuomba nyongeza. Muulize mwenye nyumba kwa mkupuo mmoja: usafi umo? Mpishi yupo, na analipwa na nani? Umeme umo au tunanunua wenyewe? Kuna tozo za serikali za kila mgeni kwa kila usiku, na zimo kwenye bei? Dhamana ni kiasi gani na inarudi lini? Tukighairi, kinarudi nini?

Huenda ukakuta bei imetajwa kwa dola. Kubalianeni mapema kwamba mtatumia kiwango cha siku mliyotuma malipo ya awali, na hicho hakibadiliki mpaka safari iishe. Bila hivyo kila mtu atakuja na kiwango chake.

Na kabla ya kutuma senti, mtafute mtu aliye Unguja akaione nyumba kwa macho. Picha nzuri zinaweza kuibwa kwenye tangazo la mtu mwingine. Ukiambiwa "ukichelewa inachukuliwa leo", punguza mwendo.

2. Hesabu waliothibitisha tu.

Jibu la "nitaangalia" lihesabu kama hapana. Weka tarehe, mathalani wiki tano kabla ya safari, na useme wazi kwamba baada ya hapo vyumba vinagawiwa kwa waliomo. Ukikodi nyumba ya watu kumi na wanne kwa matumaini ya wanne wasio na uhakika, hao kumi ndio watakaolipa vitanda vitupu.

3. Vipe vyumba alama.

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa hiyo usiharakishe. Chumba cha masta chenye choo chake, kiyoyozi na baraza ya kutazama bahari hakiwezi kuwa bei moja na kachumba ka juu chenye feni na dirisha la upande wa jenereta. Chumba cha kawaida kipe alama 3. Chenye raha zaidi kipe 4 au 5, na chenye upungufu kipe 2.

Tuchukue mfano wetu. Nyumba ni TSh 350,000 kwa usiku, usiku nne, jumla 1,400,000. Ongeza usafi wa 40,000, inakuwa 1,440,000. Masta alama 4, vyumba viwili vya kawaida alama 3 kila kimoja, cha juu alama 2. Jumla ni alama 12. Gawa 1,440,000 kwa 12, kila alama ni 120,000. Basi:

- Masta: 480,000
- Cha kawaida cha chini: 360,000
- Cha kawaida cha ghorofani: 360,000
- Cha juu: 240,000

Jumlisha tena uhakikishe inarudi 1,440,000. Tarakimu hizi ni za mfano, weka zako.

Tangaza bei za vyumba *kabla* ya kusema nani analala wapi. Ukifanya kinyume, kila mtu atatetea alama kwa kuangalia kitanda chake. Na kama familia mbili zinataka masta, usipige kura. Pandisha alama yake kutoka 4 hadi 5, ugawe upya kwa 13, uone nani bado anakitaka. Mara nyingi mmoja huachia mwenyewe, na walioko kwenye vyumba vingine wanapata nafuu kidogo.

Kuna kitu kimoja kisichoingia kwenye mnada: mzee asiyeweza ngazi, mjamzito, au mtu mwenye mguu mbovu hupewa chumba cha chini kwanza, kwa bei yake ya kawaida. Wengine ndio wapange baada yake.

4. Weka watu kwenye vyumba.

Katika mfano wetu, masta ni cha kaka mkubwa, mkewe na mtoto mchanga. Chumba cha chini ni cha bibi na shangazi. Cha ghorofani ni cha dada, mumewe na mtoto wao wa miaka tisa anayelala kwenye godoro. Cha juu ni cha marafiki wawili.

Mtoto anayelala chumba cha wazazi wake halipi kitanda, kwa sababu chumba kimeshalipwa. Mtoto anayechukua kitanda katika chumba kingine, hata akiwa na miaka sita, analipa kama mtu mzima wa chumba hicho. Msichana wa kazi au dereva aliyekuja na familia fulani yuko juu ya familia hiyo, malazi na chakula. Hili la mwisho lisemwe mapema kabisa, maana husahauliwa, halafu yeye ndiye anayeishia kulala sebuleni bila mtu wa kumwekea sahani.

5. Amueni nani anambeba nani.

Bibi halipi. Lakini kitanda chake kina bei, na bei hiyo haipotei hewani. Nusu yake ya chumba ni 180,000. Inabebwa na damu yake: kaya ya kaka, kaya ya dada, na shangazi, yaani 60,000 kila upande. Marafiki hawahusiki. Wakitaka kumfanyia bibi jambo, wamnunulie samaki siku moja, atafurahi zaidi.

Sasa kaka analipa 480,000 na 60,000, jumla 540,000. Dada 360,000 na 60,000, jumla 420,000. Shangazi 180,000 na 60,000, jumla 240,000. Zinabaki 240,000 za chumba cha juu.

Kuna mwingine anayebebeshwa bila kuulizwa, naye ni ndugu aliyerudi likizo kutoka Maskati, London au Toronto. Watu hudhani kwa kuwa anatoka nje basi nyumba ni yake kulipia. Ameshalipa tiketi ya ndege ya familia nzima, na huenda anadaiwa. Mpe hesabu ya chumba chake kama wengine. Akitaka kuongeza, aseme mwenyewe.

Na aliye na hali ngumu mwaka huu? Usimtangaze. Mweka hazina azungumze pembeni na mmoja au wawili wenye nafasi, wazibe pengo, na kwenye jedwali iandikwe tu "imelipwa". Bei za vyumba ziwe wazi kwa wote, ila nani kamsaidia nani si habari ya kundi.

6. Kata usiku wa wanaokuja nusu.

Chumba cha juu ni 240,000 kwa usiku nne, sawa na 60,000 kwa usiku. Rafiki wa kwanza yupo siku zote. Wa pili alisema tangu mwanzo kwamba kazi inamruhusu usiku mbili za mwisho tu. Usiku mbili za kwanza, wa kwanza yuko peke yake, analipa 120,000. Mbili za mwisho wanagawana, 60,000 kila mmoja. Wa kwanza anatoa 180,000, wa pili 60,000.

Angalia kosa hapa. Hesabu hii ni ya aliyesema *kabla* nyumba haijakodiwa, na mwenzake akakubali. Aliyeahidi usiku nne, malipo ya awali yakatumwa, halafu akaja siku ya tatu kwa sababu zake, analipa nne. Chumba kilikuwa kinamsubiri. Sheria hii iandikwe kwenye kundi siku ya kwanza, ili siku ya kutumika isionekane imetungwa kwa ajili ya mtu.

7. Piga hesabu ya chakula kwa walaji na siku.

Mtu mzima ni moja kwa siku, mtoto wa miaka 3 hadi 12 ni nusu, chini ya hapo ni sifuri. Watu wazima sita wa familia kwa siku nne ni 24. Rafiki wa kwanza 4, wa pili 2. Mtoto wa miaka tisa, nusu mara nne, ni 2. Jumla ni 32. Mkikadiria chakula, gesi na mpishi kuwa 640,000, kila siku ya mlaji ni 20,000. Rafiki wa siku mbili anatoa 40,000. Kaya ya dada ina 4, 4 na 2, basi 200,000. Chakula cha bibi kinapita njia ileile ya kitanda chake.

Mchele, unga, mafuta na viungo vinunuliwe soko la Darajani mnapotoka mjini. Maduka ya vijijini pwani ni madogo, hamtapata kila kitu. Samaki na pweza mtapata kwa wavuvi hukohuko.

Bia na pombe zote nje ya mfuko huu, anayekunywa ajinunulie. Si vizuri mtu asiyekunywa kwa imani yake akute amechangia kreti. Vivyo hivyo sigara, maziwa ya kopo ya mtoto, na safari za kuona pomboo au kupiga mbizi baharini, kila aendaye alipe yake.

8. Usafiri.

Boti kila mtu anakata yake. Noah au Hiace kutoka bandarini hadi kwenye nyumba igawanywe kwa viti vilivyokaliwa, mtoto wa mapajani bure. Mwenye gari lake akibeba wengine, wanaobebwa wachangie mafuta. Basi.

9. Tuma ujumbe mmoja ulio kamili.

Mfano:

> Habari zenu ndugu na marafiki. Safari ya Jambiani: tunaingia Ijumaa tarehe 26, tunatoka Jumanne tarehe 30, usiku nne. Nyumba yote na usafi ni TSh 1,440,000, bei ya kila chumba iko kwenye jedwali. Chakula ni 20,000 kwa mtu mzima kwa siku, watoto nusu. Nusu ya chumba itumwe kabla ya tarehe 20 Novemba, iliyobaki pamoja na chakula kabla ya tarehe 10 Desemba. Tafadhali weka na ya kutolea. Atakayejitoa baada ya tarehe 20 Novemba atabaki na deni la chumba mpaka tupate mbadala. Mwenye swali aulize hapa kabla ya Jumapili.

"Weka na ya kutolea" si mzaha. Watu kadhaa wakituma kiasi kamili bila makato, mweka hazina ndiye anayeziba kutoka mfukoni mwake. Kama mwenye nyumba anapokea kwa simu moja kwa moja, makato ya kutuma yahesabiwe kwenye bei ya nyumba.

Wazee usiwadai kwenye kundi. Wapigie, na anza na habari yao kabla ya pesa: "Shikamoo shangazi. Nyumba imepatikana, wewe na bibi nimewawekea chumba cha chini ili asipande ngazi. Hesabu yako ya chumba pamoja na mchango wako kwa bibi imekuwa 240,000, nusu yake kabla ya tarehe 20 mwezi huu. Nikutumie ujumbe wenye mchanganuo?" Akisema nusu atatuma mjomba, mpigie na mjomba pia. Usichukue neno la mmoja kuwa ahadi ya mwingine.

10. Pokea na andika papo hapo.

Kila muamala ukiingia, andika jina, kiasi na tarehe kwenye jedwali, umjibu mtumaji "imefika, ahsante". Ujumbe wa muamala usiufute mpaka safari iishe.

Tahadhari: matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" wanalipenda sana kundi linalochangishana. Weka sheria kwamba namba haibadiliki. Ikibidi ibadilike, mweka hazina ampigie kila mtu asikike sauti yake. Ujumbe peke yake hautoshi.

11. Mkifika, piga picha.

Kabla mabegi hayajafunguliwa, piga picha za kuta, viti, televisheni, vyombo, na mita ya umeme. Mtumie mwenye nyumba palepale. Ndizo zitakazowarudishia dhamana.

Umeme wa Unguja ni wa ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, na mita zake za malipo ya kabla ni za TUKUZA. Anayenunua LUKU ya TANESCO kwa mazoea ya Dar atapata namba zisizokubali. Kama umeme mnanunua wenyewe, tenganisheni: matumizi ya kawaida kwa wote, na nyongeza ya viyoyozi kwa vyumba vyenye viyoyozi. Kwa kuwa mita ni moja, makadirio yanatosha. Mathalani, robo tatu kwa vyumba vyenye viyoyozi na robo moja kwa nyumba nzima.

Risiti zote ziingie kwenye bahasha moja jikoni. Muuza samaki hana risiti, kwa hiyo aliyenunua aandike kwenye karatasi na kusaini.

12. Fungeni hesabu kabla ya boti.

Usiku wa mwisho, baada ya chakula, mweka hazina asome: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Kama chakula kimebakiza hela, rudisha kwa uwiano uleule wa walaji na siku. Mkikubaliana ziwe bakshishi ya mpishi na mlinzi, semeni kwa pamoja. Kila siku inayopita baada ya hapo inafanya deni dogo kuwa gumu kudai.

Mambo yakienda kombo

*Tarehe imefika, mtu hajalipa.* Mpigie mara moja. Mpe siku tatu. Zikipita, chumba chake kitangazwe kwa mwingine. Usimlipie kimyakimya ukitumaini atakurudishia, labda uwe umeshaamua moyoni kuwa ni zawadi.

*Mtu kajitoa baada ya malipo ya awali.* Anadaiwa chumba, hadaiwi chakula. Akileta mbadala, anarudishiwa. Ikiwa ni msiba au kulazwa, kaeni walio watu wazima mgawane pengo. Hapo sheria huachwa.

*Amekuja mgeni asiye kwenye orodha.* Aliyemleta anamlipia chakula tangu mlo wa kwanza. Kuhusu kulala, mwulizeni kwanza mwenye nyumba, maana nyumba nyingi zina idadi ya mwisho ya wageni na kuizidi kunaweza kula dhamana.

*Kitu kimevunjika.* Aliyevunja anajulikana, analipa. Mtoto kavunja, mzazi analipa. Hajulikani, kigawanywe kwa alama za vyumba. Msiendeshe upelelezi mbele ya bibi.

*Kuna anayedai kurudishiwa kwa sababu hakula.* Kama alisema asubuhi kwamba hatakuwepo, mpunguzie siku inayofuata. Kama chakula kilipikwa kikamsubiri, amekula.

*Mwenye nyumba hataki kurudisha dhamana.* Mtumie picha za siku ya kwanza na za siku ya mwisho, omba orodha ya vitu anavyolalamikia na bei zake. Mkikodi kupitia tovuti ya kupangisha, fungua malalamiko hukohuko ndani ya muda wao na usihamishie mazungumzo kwenye simu. Mpaka ijulikane hatima, mweka hazina asimrudishie mtu yeyote sehemu yake ya dhamana. Ikirudi pungufu, wote wapungukiwe kwa alama za vyumba vyao.

*Hesabu haifungi.* Anza na makato ya simu, kisha kiwango cha dola, kisha manunuzi ya siku ya kwanza, ambapo watu watatu walitoa hela kwa wakati mmoja sokoni na hakuna aliyeandika. Mara nyingi pengo liko mojawapo ya hapo. Likibaki chini ya elfu kumi, ligawanyeni kwa kaya mlifunge.